Mwongozo kamili: kuutoa wimbo wa enzi ya Malkia Victoria kwenye nota za mistari, kuuandika kwa solfa na kuuimba sebuleni

Nikiletewa karatasi ya solfa, yaani wimbo ulioandikwa kwa herufi za do, re, mi, fa, so, la, ti, ambayo mtu ameinakili mwenyewe kutoka kwenye nota za mistari, siangalii herufi kwanza. Nahesabu mapigo ya kipimo cha mwisho, kipimo kikiwa ni kile kifungu cha mapigo kilicho kati ya mistari miwili ya wima. Mara nyingi hesabu haitimii. Herufi zote ziko sawa, d r m zimekaa vizuri, lakini mahali fulani katikati ya mstari pigo limepotea, na familia nzima imekaa kwenye kochi ikibishana nani amewahi na nani amechelewa.

Ndiyo sababu ya mwongozo huu. Historia naiacha, ila jambo moja: solfa si njia ya mkato tuliyobuni kwetu kwa kukwepa nota. Katika Uingereza ya Malkia Victoria, mchungaji John Curwen aliichukua kazi ya mwalimu Sarah Glover wa Norwich, akaisuka upya, na nyumba nyingi zisizo na uwezo wa kununua piano zikaimba sauti nne kwa herufi hizo hizo. Baadaye zikaja kwetu pamoja na wamisionari. Kwa hiyo ukihamisha wimbo wa zama zile kwenda solfa, unaurudisha kwenye maandishi yaliyotumika na majirani wa yule mwenye piano.

Mfano wetu utakuwa tuni ya "Eventide", iliyotungwa na William Henry Monk mwaka 1861 kwa maneno ya Henry Francis Lyte. Kwetu huimbwa "Kaa nami". Nimeuchagua makusudi: unaujua tayari, kwa hiyo ukikosea kuandika, sikio lako litakusuta kabla yangu.

## Vitu vya kuwa navyo

- Nakala ya wimbo iliyochapwa. Kurasa za nyimbo za nyumbani za wakati ule zilikuwa kubwa, karibu sentimita 35 kwa 25, kwa hiyo ukichapa kwenye A4 nota zinasinyaa. Chapa kwenye A3, au kata ukurasa nusu kwa nusu na ukuze kila nusu.
- Daftari lenye mistari, penseli na ufutio. Kalamu ya wino weka mbali mpaka mwisho.
- Rula.
- Kitu cha kutoa sauti: kinanda, au programu ya piano kwenye simu.
- Watu wasiopungua wawili. Wanne ni bora.

Kama una karatasi halisi ya zamani kutoka kwa mtu, usiiandikie wala usiigundishe kwa selotepu, maana gundi yake hugeuka kahawia na kula karatasi. Ipige picha, kisha fanyia kazi picha.

## Hatua ya 1: Hakikisha wimbo unaimbika nyumbani

Kabla ya kuandika herufi hata moja, tafuta nota ya juu kabisa na ya chini kabisa katika sauti ya kwanza. Katika tuni yetu nota ya chini kabisa ni do na ya juu kabisa ni la tu. Hata mtu aliyetoka kazini amechoka ataimba.

Nyimbo nyingine za sebuleni za wakati ule zilitungwa kwa binti aliyekuwa na mwalimu wa sauti, na zinapanda mahali ambapo baba yako hatakufuata. Ziache kwanza. Anza na tenzi na nyimbo fupi za sauti nne.

Usihangaike kutafuta mwaka kwenye jalada, kwa kawaida haukuandikwa. Namba ndogo inayojirudia chini ya kila ukurasa ni namba ya bamba la kuchapia, si mwaka wala kasi ya wimbo. Na ile bei ya shilingi 4 iliyochapwa kwa fahari isikushangaze: wauzaji walizoea kuuza kwa nusu yake.

## Hatua ya 2: Zijue alama zinazodanganya

Hapa ndipo hata wanaosoma nota vizuri hujikwaa, kwa sababu wachapaji wa Uingereza walikuwa na mazoea yao.

Pumziko la pigo moja. Katika machapisho mengi ya zamani, pumziko hili halina umbo la radi tulilozoea. Linafanana na pumziko la nusu pigo lililotazamwa kwenye kioo, yaani kichwa chake kimegeukia kulia. Ukilisoma kama nusu pigo, kipimo kizima kinapungua. Linganisha kila pumziko na hesabu ya kipimo chake kabla ya kuliamini.

Namba za vidole. Mpiga piano akiona alama ya + juu ya nota, hiyo si kujumlisha. Ni kidole gumba. Kwa mtindo wa Kiingereza wa zamani, namba 1 ilikuwa kidole cha shahada na kidole kidogo kilikuwa 4. Leo gumba ndilo 1. Ukichanganya mitindo hiyo miwili, mkono unajifunga fundo kwenye kipimo cha tatu na utadhani wimbo ni mgumu.

"Sym." Mahali hapa chombo kinapiga peke yake na waimbaji wananyamaza. Nimewahi kuona mtu akitafuta maneno ya sehemu hiyo jioni nzima.

Herufi C mwanzoni mwa mistari. Ni mapigo manne kwa kipimo. Haihusiani na do.

Umefaulu hatua hii ukiweza kuweka kidole kwenye kila alama ya ukurasa wa kwanza na kusema ni nini, hata kama bado hujaimba.

## Hatua ya 3: Tafuta do

Tazama shapu (♯, hupandisha nota nusu hatua) au flati (♭, huishusha nusu hatua) zilizopangwa mwanzoni mwa mistari mitano, mara tu baada ya ufunguo, ile alama kubwa ya kwanza.

Kama ni shapu, ya mwisho upande wa kulia ni ti. Do iko hatua moja juu yake. Kama ni flati, ya mwisho ni fa: shuka fa, mi, re, do. Flati zikiwa mbili au zaidi kuna njia ya haraka, ile ya pili kutoka mwisho ndiyo do yenyewe. Kama hakuna shapu wala flati, do ni C.

Karatasi yetu ina flati tatu: B, E na A. Ya mwisho ni A flati, hiyo ni fa. Ya pili kutoka mwisho ni E flati. Do ni E flati.

Sasa weka do kwenye mistari. Katika ufunguo wa juu, E iko kwenye mstari wa chini kabisa. Hapa kuna kanuni itakayokuokolea nusu ya kazi: do ikikaa mstarini, mi na so nazo zinakaa kwenye mistari miwili inayofuata juu. Do ikikaa kwenye nafasi, mi na so zinakaa kwenye nafasi. Kwa hiyo hapa mstari wa kwanza ni do, wa pili mi, wa tatu so. Nafasi kati yao ni re na fa. Huhitaji kukumbuka majina ya Kiingereza ya kila nota tena.

Katika ufunguo wa chini, hesabu upya. E iko kwenye nafasi ya tatu kutoka chini, kwa hiyo mi iko nafasi ya nne. Walioandika besi kwa kufuata mistari ya soprano ni wengi, na matokeo yake hayasikiliziki.

Tahadhari: wimbo wa huzuni unaweza kuishia la badala ya do. Hujakosea. Tafuta do kwa njia ile ile, ila fahamu kwamba nyumbani kwa wimbo ni la, na utakutana na se mara kwa mara, yaani so iliyopandishwa nusu hatua.

## Hatua ya 4: Chora mapigo kabla ya herufi

Hii ndiyo hatua inayorukwa, na ndiyo inayoharibu kazi. Watu huandika herufi zote mfululizo, kisha wanajaribu kupachika nukta na vistari kwa kukumbuka jinsi wimbo unavyokwenda. Kumbukumbu inakwenda na mazoea ya kwaya yenu, na kwaya yenu huenda imekuwa ikivuta nota ileile tangu enzi za babu.

Geuza utaratibu. Chora nyumba tupu kwanza, wakazi waingie baadaye.

Kwa mapigo manne, kila kipimo kinakuwa hivi:

|     :     !     :     |

Mstari mrefu uko kabla ya pigo zito. Nukta mbili ziko kabla ya pigo jepesi. Katika solfa iliyochapwa, pigo la tatu hutanguliwa na mstari mfupi kwa sababu lina uzito wa kati. Mimi hapa naandika alama ya mshangao badala yake. Tumia rula, na nafasi ziwe sawa, maana baadaye sauti nne zitapangwa moja chini ya nyingine na jicho litazisoma kwa wima.

Sasa jaza kwa kanuni hizi:

Nota nyeusi isiyo na mkia ni pigo moja, basi herufi moja kwenye chumba kimoja, yaani nafasi ya pigo moja. Nota nyeupe yenye mguu ni mapigo mawili, basi herufi na kistari kwenye chumba kinachofuata: m : –. Duara tupu lisilo na mguu ni mapigo manne: m : – ! – : –. Chumba kikibaki kitupu, hilo ni pumziko. Nota mbili zikigawana pigo, weka nukta katikati: d . r.

Nota yenye nukta ndiyo inayotesa. Pigo moja na nusu likifuatwa na nusu pigo huandikwa d : – . r. Maana yake ni kwamba do inaingia chumba cha pili, inakaa nusu ya kwanza, kisha re inachukua nusu iliyobaki. Usiandike d . : r. Nimeiona mara nyingi na haina maana yoyote.

Mstari wa kwanza wa wimbo wetu unatoka hivi:

| m : – ! m : r | d : – ! s : – | l : s ! s : f | m : – ! – : – |

Hesabu vyumba. Vipimo vinne, mapigo manne kila kimoja, kumi na sita kwa jumla. Lazima itimie. Ikitoka kumi na tano, usiendelee na mstari wa pili kwa matumaini kwamba itajirekebisha mbele. Rudi ulikokosea.

Kipimo cha mwisho ndicho kinachokatwa na karibu kila anayejifunza. Monk ameandika mapigo manne kamili. Sisi huimba matatu na kuvuta pumzi ya haraka, kisha tunaandika tulivyozoea. Andika yaliyoko kwenye karatasi. Pumzi mtakubaliana wenyewe baadaye.

## Hatua ya 5: Mpokee mgeni

Mgeni ni nota iliyobadilishwa katikati ya wimbo kwa shapu, flati au nachurali. Mstari wa pili wa wimbo wetu unaye mmoja:

| m : – ! f : s | l : – ! s : – | f : r ! m : fe | s : – ! – : – |

Kwenye karatasi, nota ile ya fe haina shapu. Ina nachurali mbele ya A. Hapo ndipo watu wanaandika f ya kawaida, wakidhani nachurali maana yake ni "kawaida". Sivyo. Katika karatasi hii A imekuwa flati tangu mwanzo, na ndiyo fa. Nachurali inaifuta flati, kwa hiyo nota inapanda nusu hatua. Fa iliyopanda ni fe.

Basi usiulize alama ni ya aina gani, uliza nota imekwenda wapi. Ikipanda, irabu ni e: de, re, fe, se, le. Re ya kupanda hufanana kwa maandishi na re ya kawaida tunayoiita kwa kifupi r, kwa hiyo ile iliyopanda iandike re kwa ukamilifu. Ikishuka, mara nyingi utakutana na ta, ti iliyoshushwa, na ma, mi iliyoshushwa.

Athari ya alama hiyo inaishia kwenye mstari wa kipimo. Kipimo kinachofuata, fa inarudi kuwa fa.

Jinsi ya kuipata fe kwa sauti: imba so, shuka kidogo sana, rudi so. s fe s. Mwendo huo ni mdogo kama wa kutoka do kwenda ti na kurudi, kwa sababu ndivyo ulivyo. Kwa nota hiyo wimbo umechungulia nyumba ya jirani, ambako so yetu inaitwa do.

Wimbo ukihamia kabisa kwa jirani kwa mistari kadhaa, usijaze ukurasa mafe. Badilisha do. Andika herufi mbili mahali pa kuvukia, ya zamani kwa udogo upande wa kushoto na mpya kwa ukubwa: s ndogo kisha d kubwa. Mwimbaji anaisikia so ya zamani lakini anaitamka do, na kuanzia hapo anasoma nyumba mpya.

Mstari wa tatu na wa nne andika mwenyewe. Nitakupa vya kujipimia tu: wa tatu unaanza sawa na wa kwanza na unaishia re, wa nne unaanza na re na unarudi do. Kama wako umeishia pengine, kuna nota umeiruka.

## Hatua ya 6: Sauti nyingine tatu

Kwenye karatasi ya tenzi, mistari mitano ya juu inabeba sauti mbili. Miguu ya nota iliyoelekea juu ni soprano, iliyoelekea chini ni alto. Mistari ya ufunguo wa chini ni hivyo hivyo: juu ni teno, chini ni besi. Nakili sauti moja mpaka mwisho kabla ya kugusa nyingine. Anayeandika zote kwa pamoja kipimo kwa kipimo humpa alto nota za soprano kila zinapokutana.

Herufi inayozidi oktava ya katikati weka kialama kidogo juu yake, inayopungua weka chini. Teno na besi huandikwa kana kwamba wanaimba oktava moja juu ya sauti yao halisi, ili karatasi isijae vialama. Mwanamume akiimba kawaida, mambo yanajipanga yenyewe.

Kwenye nyimbo nyingine za sauti nne utakuta teno ameandikiwa kwa ufunguo wa juu. Naye anashuka oktava moja. Asijinyonge.

Ukaguzi: soma kila pigo kwa wima, kuanzia besi kwenda juu. Kwenye kipimo cha mwisho kabisa besi lazima awe kwenye do. Kama yuko pengine, umesahau ule ufunguo wa chini wa Hatua ya 3.

## Hatua ya 7: Sebuleni

Toa do. Kwenye piano ya simu, E flati ni kitufe cheusi cha kulia katika kile kikundi cha vyeusi viwili.

Lakini E flati si amri. Katikati ya karne ya 19 piano na okestra za London zilipandishwa hadi A ya karibu mitetemo 452 kwa sekunde, wakati leo tunatumia 440. Sauti yao ilikuwa juu kuliko yetu kwa karibu robo ya hatua nzima. Kwa hiyo ukishusha do hadi D kwa ajili ya mama mwenye mafua, hujaukosea wimbo heshima. Na uzuri wa solfa ndio huo: karatasi haibadiliki hata herufi moja. Mwenye piano ndiye atakayelalamika.

Fuata mpangilio huu, na usiruke kwa sababu watoto wamechoka:

Kwanza, wote wapige mapigo mezani kwa kidole na kusoma herufi bila kuziimba, kama wanaosoma orodha. Hapo ndipo makosa ya Hatua ya 4 hujitokeza, na ni rahisi kuyarekebisha kabla sauti hazijayazoea.

Pili, wote waimbe soprano kwa herufi. Ndiyo, hata besi. Anayeijua tuni hapotei akirudi kwenye sauti yake.

Tatu, besi na soprano peke yao. Sauti hizi mbili zikisimama, nyumba ina msingi na paa. Ongeza alto, kisha teno.

Nne, wote waimbe sauti zao kwa silabi "la" kwenye kila nota. Halafu ndipo maneno.

Na maneno yana mtego wake. Sema "Kaa nami" kama unavyozungumza: mkazo uko kwenye *ka* na kwenye *na*. Sasa tazama vyumba: *ka* imepata mapigo mawili ya mwanzo, sawa kabisa, lakini *na* imeangukia pigo la nne, jepesi, na *mi* imeangukia pigo zito la kipimo kinachofuata. Tuni ilikatwa kwa mwili wa Kiingereza, nasi tumevishwa. Ukiimba pigo zito kwa nguvu zote utasikika ukisema "namí", kama mgeni aliyefika jana. Dawa ni ndogo: *na* ipewe uzito kidogo, *mi* ilegezwe ingawa ni ndefu. Pitia kila ubeti kwa penseli ukitia alama silabi ya pili kutoka mwisho wa kila neno, na uone ni zipi zimeangukia chumba chepesi.

Mtajua mmefaulu kwa ishara tatu. Mnafika mwisho wa mstari wa pili pamoja na fe haijageuka fa. Besi anaweza kuimba peke yake kutoka katikati ya wimbo, si kutoka mwanzo tu. Na do ya mwisho, mkiipima kwa simu, haijashuka sana kutoka ile mliyoanza nayo. Ikiwa imeshuka, mara nyingi aliyeivuta ni yule anayeiimba fe chini mno. Mrudishe kwenye s fe s, mara tano, polepole, wengine wakishikilia so. Kisha anzeni tena kwenye mstari wa pili, msirudi mwanzo wa wimbo. Mwanzo mnaujua.